Nyumba ya Mtu Mmoja

Maneno haya niliyasema tarehe 18 Mei, Siku ya Makumbusho Duniani, katika ukumbi wa shule hapa Mtwara mjini. Waliokosa nafasi ya kuingia waliniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, isipokuwa mahali pawili patatu ambapo nimeongeza jambo nililolisahau nikiwa nimesimama.

Mgeni rasmi, wazee wangu, walimu wenzangu, wachongaji mlioacha kazi zenu mkaja kunisikiliza, kina mama, na ninyi wanangu wanafunzi mliokaa chini kwa kukosa viti. Shikamooni wazee. Hamjambo wanangu.

Kabla sijasema lolote, naomba mkitazame hiki kilichopo mezani. Ni kipande cha mpingo, urefu wake kama mkono wangu kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye ncha za vidole. Upande mmoja kimechongwa: kuna uso wa mama, kuna bega, kuna mkono ulioshika kitu ambacho bado hakijatokea kwenye mti. Upande wa pili ni gogo tu. Hata ganda jeupe halijaondolewa. Mjomba wangu alikiacha hivyo siku alipougua, na hakurudi tena kazini. Nitakirudia baadaye. Kwa sasa kiacheni kikae hapo.

Binti yangu anafanya kazi Denver, jiji la Marekani lililojengwa juu sana, kiasi cha mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Nilipokwenda kumsalimia, siku tatu za kwanza nilikuwa nikipanda ngazi napumzika katikati, maana mtu wa pwani mapafu yake yamezoea hewa nzito. Siku ya nne akaniambia, "Baba, umefundisha sanaa maisha yako yote. Hapa kuna makumbusho ya mchoraji mmoja tu. Leo nakuacha huko, jioni nakufuata."

Nikamuuliza, mmoja tu? Wenzake je? Akasema, wenzake hawamo. Na kweli hawamo. Jengo zima lina kazi za mtu mmoja, jina lake Clyfford Still, na hairuhusiwi picha ya mtu mwingine kutundikwa humo. Sababu yake nitaieleza, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niombe nafasi ya kusema leo.

Still alizaliwa mwaka 1904 mahali paitwapo Grandin, katika jimbo la North Dakota. Alikulia Spokane, jimbo la Washington, na sehemu ya ujana wake ikapita Alberta, Kanada, ambako wazazi wake walikuwa na shamba la ngano. Ni mtoto wa mkulima. Nalisema hili mapema kwa sababu picha zake za miaka ya 1930 ni za watu wa shamba: wanaume warefu, wembamba, nyuso zimebonyea, na mikono mikubwa kupita kiasi cha miili yao. Nilisimama mbele ya mikono ile nikawakumbuka mama zetu wa Newala wanaobangua korosho, vidole vimeunguzwa na mafuta ya ganda hata mistari ya ngozi imefutika. Yule mchoraji hakuwahi kuwaona mama zetu. Lakini mkono uliofanya kazi aliujua.

Sasa, wanangu, sikilizeni namna nyumba yenyewe ilivyo. Picha ziko ghorofa ya juu, katika vyumba tisa. Kuta ni za zege ambalo halikupigwa lipu, bado lina alama za mbao zilizolishikilia lilipokuwa bichi. Dari nayo ni ya zege, lakini ina matundu mengi, na juu yake kuna mwanga wa jua. Mwanga unashuka umechujwa, kama unavyochujwa na makuti mchana. Wingu likipita juu ya jiji, chumba kizima kinafifia kidogo, na rangi nyekundu iliyokuwa ikicheka inakuwa nzito. Wingu likiondoka, picha inarudi. Nilikaa kwenye benchi nikaitazama picha moja ikibadilika hivyo mara nne au tano, na sikuchoka.

Unatembea kwa mpangilio wa miaka, na kadiri unavyotembea ndivyo watu wanavyotoweka. Chumba cha kwanza wamo, na mikono yao. Chumba kinachofuata uso umekwenda, mwili umebaki kama mfupa uliosimama. Mbele kidogo mfupa umekuwa mstari. Ukifika katikati ya miaka ya 1940 hakuna mtu tena, hakuna shamba, hakuna nyumba. Kuna rangi tu: turubai kubwa kuliko mlango wa ghala, nyeusi karibu yote, na mpasuko mmoja wa nyekundu unaopanda wima pembeni kama ufa kwenye ukuta wa udongo. Na picha hazina majina. Zina herufi PH na namba. Still hakupenda jina limshike mtazamaji mkono na kumpeleka mahali ambapo mchoraji ameshamchagulia.

Nilisogea hadi pale mlinzi alipoanza kuniangalia. Rangi haikupakwa kwa brashi. Ilipigwa kwa kisu kipana, mfano wa mwiko mdogo wa mwashi, tabaka juu ya tabaka, na kila pigo limeacha ukingo wake. Ukitazama kwa upande unaona vilima na mabonde. Nyeusi yenyewe si moja: kuna nyeusi inayong'aa na nyeusi kavu kama mkaa, zimekaa jirani. Mahali pengine hakugusa kabisa, turubai limeachwa wazi. Mimi nimekua nikitazama tezo likitembea juu ya mpingo. Alama zile nilizijua. Ni alama za mtu anayeshindana na kitu kigumu, akisimama, akirudi nyuma, akitazama, akirudia.

Pembeni yangu alisimama kijana na mwenzake, na yule mwenzake akauliza kwa sauti: hii ni picha ya nini? Swali hilo mnalijua. Wachongaji mliomo humu mmeulizwa mara ngapi na wageni? Ndipo neno likanijia, nikaanza kutabasamu peke yangu katikati ya jiji la watu. Mawingu.

Kwa ajili ya wanafunzi nifafanue. Kinyago cha kisasa cha Kimakonde kina mitindo yake. Kuna shetani, yale maumbo yenye jicho moja na midomo iliyopinda. Kuna ujamaa, watu waliopandiana mabegani, kizazi juu ya kizazi, wote kutoka kwenye gogo moja. Na kuna mawingu: umbo lisilo mtu wala mnyama, lenye mikunjo na matundu, linalozunguka kama wingu la kusi. Hakuna mzee aliyekwenda chuo kujifunza kuchonga mawingu. Dunia ilipokuwa ikibishana kama picha isiyoonyesha kitu ni sanaa au si sanaa, wazee wetu walikuwa wamekaa chini ya mwembe wanachonga na jina wameshalipata. Kwa hiyo mtu wa Mtwara akiingia katika ile nyumba ya Denver haingii kama mgeni asiyejua lugha. Lugha anayo. Naomba tulishike hilo.

Lakini kuna kitu ambacho hatuna, na hicho ndicho nilichokwenda kukiona huko.

Nawaomba mnyanyue mikono. Ni nani kati yetu anaweza kunitajia mtu aliyeanzisha mtindo wa shetani? Naona mikono mitatu. Hutajwa Samaki Likankoa, miaka ya 1950. Na ujamaa? Mkono mmoja. Hutajwa Roberto Yakobo Sangwani. Wote wawili ni katika Wamakonde waliovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Ni watu, wana majina, kila mmoja alikuwa na siku aliyoketi akajaribu kitu ambacho hakijajaribiwa. Ila sisi tumezoea kusema "kinyago cha Kimakonde", na mnunuzi naye anasema hivyo hivyo, na karatasi inayobandikwa chini inasema hivyo hivyo, kana kwamba kabila zima lilishika tezo moja. Kabila halichongi. Anachonga mtu, ana mgongo unaomuuma, ana mwaka aliokuwa kijana na mwaka macho yalipoanza kufifia, na vyote hivyo vinaonekana kwenye kazi zake ukiziweka pamoja. Ukiiona moja moja, huvioni.

Hiyo ndiyo kazi ya nyumba ya mtu mmoja. Makumbusho makubwa yanakuonyesha picha moja ya huyu na mbili za yule, zile bora. Nyumba ya mtu mmoja inakuonyesha hata siku alizokosea. Still alikuwa na tabia ya kurudia picha: anachora, halafu pengine baada ya muda mrefu anaichora tena, mpangilio ule ule, mwenyewe akiita nakala. Pale unaweza kuziona. Kwa mbali utasema ni moja. Ukikaribia unakuta mahali alipobadili nia, ukingo ulioongezwa upana kiasi cha kidole. Niliwafikiria wachongaji wetu ambao tunawasema kwamba wanarudia rudia kinyago kile kile kwa sababu ya soko. Ni kweli, soko lipo, na watoto wanataka kula. Lakini nani kati yetu amewahi kuchukua vinyago kumi vya mzee mmoja, vya umbo lile lile, akavipanga kwa miaka, akatazama mkono ulivyobadilika? Hakuna, kwa sababu kile cha tano kilipokwisha, vinne vya kwanza vilikuwa vimeshauzwa.

Sasa niwaeleze nyumba ile ilivyopatikana. Still alikuwa mtu mgumu. Mwaka 1951 aliachana na maduka ya sanaa ya New York, na mwaka 1961 akahamia mashambani Maryland, akawa anafanya kazi huko. Aliuza chache sana. Nyingine alizitoa zawadi kwa mafungu, 31 kwa makumbusho ya Buffalo mwaka 1964 na 28 kwa makumbusho ya San Francisco mwaka 1975, kwa sababu alitaka zikae pamoja. Nyingi zaidi alizikunja kama mikeka akaziweka. Alipofariki Juni 1980 wosia wake ulikutwa unasema kwamba kazi zote alizobaki nazo zipewe jiji la Marekani litakalokubali kujenga nyumba ya kudumu kwa ajili yake peke yake, na zisiuzwe, zisigawiwe, zisibadilishwe na kitu kingine.

Hakutaja jiji gani. Mjane wake, Patricia, ndiye aliyebaki na mzigo huo. Naomba kina mama mnisikilize hapa. Mama huyu alikaa na kazi zile miaka zaidi ya ishirini. Wanunuzi wangefurahi kumfanya tajiri kwa picha moja tu. Majiji yalikuja, yakaomba, masharti hayakutimia, akakataa. Wakati wote huo alitunza orodha: kila kazi na picha yake ya kamera, namba yake, vipimo vyake. Mwaka 2004 akaikubali Denver. Mwaka uliofuata akafariki dunia, hakuiona nyumba. Ilifunguliwa Novemba 2011, miaka 31 baada ya wosia kuanza kusubiri. Humo mna kazi 3,125 hivi, nazo ni kama asilimia 93 ya yote aliyoyafanya maishani. Nyingi hazikuwahi kuonwa na watu wa nje. Bila daftari la yule mama, zingekuwa mikeka iliyokunjwa ambayo hakuna ajuaye ipi ilitangulia ipi.

Kuna jambo moja ambalo silifichi. Kabla nyumba haijafunguliwa, mwaka huo huo wa 2011, picha nne ziliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 114, ili fedha ziiendeshe nyumba. Mahakama ya Maryland ilikuwa imeruhusu. Sisi watu wa korosho neno mnada tunalijua, na niliposimuliwa habari hiyo ilinichoma. Wosia unasema zisiuzwe! Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na bado moyo haujatulia kabisa. Hata hivyo najua tofauti ya mtu aliyeuza nne ili elfu tatu zikae chini ya paa lisilovuja, na mtu aliyeuza zote.

Mtu aliyeuza zote ni mimi.

Mjomba wangu alifariki mwaka 1987. Kwa mila yetu mnajua mpwa ana nafasi gani. Baada ya arobaini alikuja mfanyabiashara na gari, akaangalia vinyago vilivyokuwa ndani, kumi na saba, akataja bei. Bei yenyewe ilikuwa inatosha mabati ya nyumba ya mjane. Wazee wakanigeukia, wakaniuliza mimi, kwa sababu ni mpwa mkubwa na kwa sababu ni mwalimu, tena mwalimu wa sanaa. Nikasema avichukue. Sikupiga picha hata moja. Sikuandika hata kwenye daftari la shule, nami nilikuwa nayo makatoni mawili nyumbani. Viliviringishwa kwenye magunia, gari likaondoka na vumbi lake. Hiki hapa mezani kiliachwa kwa kuwa hakijamalizika, hakina soko. Miaka mingi kilikuwa kinazuia mlango wa jikoni usifungwe na upepo.

Mabati bado yapo, na shangazi alilala pakavu hadi mwisho wake, kwa hiyo sisemi nilikosea kumtafutia paa. Nasema ningeweza kutafuta paa na bado nikaandika. Ingechukua alasiri moja.

Nimefundisha watoto wengi katika mkoa huu, na kila mwaka niliwaambia kwamba mjomba wangu alikuwa fundi. Walinisikiliza kwa adabu. Sikuwa na kitu cha kuwaonyesha. Vile kumi na saba pengine viko kwenye rafu fulani mahali fulani, kila kimoja peke yake, na chini yake pameandikwa jina la kabila letu.

Wenzetu wa Lindi wanayajua maumivu haya kwa kipimo kikubwa zaidi. Mifupa ya mijusi wakubwa iliyochimbwa Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na watu wetu hadi bandarini, imesimama Berlin hadi leo. Mjadala wa kuirudisha una wenyewe, na una serikali ndani yake. Mimi leo nazungumzia kitu ambacho hakihitaji kibali cha serikali yoyote.

Nazungumzia mtu kama George Lilanga. Alizaliwa huku kwetu Kusini mwaka 1934, Mmakonde, akaanza kwa kuchonga, akaja kuwa mchoraji Dar es Salaam pale Nyumba ya Sanaa. Mashetani ya kwenye mpingo aliyatoa kwenye weusi akayavika rangi: buluu, waridi, njano, masikio makubwa, matumbo mbele, yanacheza, yanagombana, yanapika. Alifariki mwaka 2005. Wakusanyaji wa Ulaya wana kazi zake nyingi. Mtoto wa Masasi anayetaka kuona picha zake thelathini zikiwa ukutani pamoja, aanze wapi? Na Edward Saidi Tingatinga, jirani yetu wa Tunduru, aliyezaliwa 1932, aliyechora kwa rangi ya baiskeli kwenye vibao vya dari. Alichora miaka michache tu kabla hajauawa kwa risasi mwaka 1972. Jina lake limekuwa jina la mtindo, hata kuna watoto wanaodhani tingatinga ni neno la kawaida tu la picha zenye twiga na ndege. Alikuwa mtu.

Siombi jengo la zege lenye vyumba tisa. Najua bajeti za halmashauri, nimekaa kwenye vikao hivyo. Naomba kile alichokifanya mama Patricia kabla halijajengwa chochote. Tunaanza na daftari. Mwalimu mkuu ametupa chumba kimoja nyuma ya maktaba, kina dirisha na kufuli, nami namshukuru mbele yenu. Atakayependa kuazimisha kazi ataazimisha, atabaki kuwa mwenyewe, na atapewa karatasi. Asiyependa iondoke nyumbani kwake, vijana watamfuata na simu, wapige picha pande nne, waandike: nani alichonga, au alichora, au alisuka, au alifinyanga. Kijiji gani. Mwaka gani, hata kama ni "mwaka ule wa mvua nyingi", tutautafuta. Alitumia nini. Nani alimfundisha. Na kazi ikitakiwa kuuzwa, iuzwe baada ya kuandikwa.

Tena naomba tuanze kwa mtu mmoja mmoja. Tusilete kimoja cha kila mzee tukajaza rafu. Tuchague mzee mmoja aliye hai, tumzungukie, tumtafutie kazi zake zote zilizobaki kwa watoto, kwa majirani, kwa parokia, kwa yule aliyempa kinyago fundi baiskeli kulipia tairi. Zikipatikana ishirini, tuzipange kwa miaka katika chumba kile, naye mwenyewe aingie azione. Sidhani kama kuna mchongaji Mtwara ambaye amewahi kuziona kazi zake ishirini kwa wakati mmoja. Tukimaliza naye, tunahamia kwa mwingine.

Hiki cha mjomba nimeshakiandika jana usiku. Namba 1. Jina lake kamili, jina la kijiji, mwaka 1987, mpingo, hakijamalizika, alifundishwa na kaka wa mama yake. Safu ya mwisho ya daftari inauliza kazi nyingine ziko wapi. Hapo nimeandika: kumi na saba, ziliuzwa.

Namba 2 iko wazi. Wale mliokuja na kazi zenu kwenye vikapu, foleni iwe upande huu wa dirisha, mwanga wa huku ni mzuri kwa picha.